Mbwa Naye Atoke: Matembezi ya Vilimani Machakos

Kwenye mteremko wa Kilimambogo, mlima ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk, yapo makaburi ambayo wageni huonyeshwa wakiwa njiani kuelekea kileleni. Amelala hapo William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na mashamba makubwa pande za Juja, aliyefariki mwaka 1925. Amelala pia mkewe, Lucie, na Louise Decker aliyewatumikia kwa miaka mingi. Wageni huambiwa kwamba hata mbwa wa familia hiyo alizikwa papo hapo.

Mbwa aliye hai hawezi kufika huko leo. Tangu mwaka 1967 mlima huo ni hifadhi ya taifa, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, haliruhusu mtu kuingia hifadhini na mnyama wa kufugwa. Anayefunga safari kutoka mjini Machakos na mbwa wake kiti cha nyuma atarudishwa langoni, na kuna sababu nzito ya kumrudisha, kama itakavyoelezwa.

Basi mbwa apelekwe wapi? Swali hili linazidi kuulizwa katika kaunti hii. Upande wa Syokimau, Mlolongo na Athi River wamejaa wafanyakazi wa Nairobi wanaoishi kwenye nyumba za kupanga na mitaa yenye mageti, na wengi wao siku hizi wanafuga mbwa wa kuishi naye, si wa kulinda tu. Upande wa Mwala, Yatta na Masinga mbwa bado ni mlinzi wa boma na mbuzi. Baina ya pande hizo mbili vipo vilima vya Iveti na Mua, barabara za vumbi zisizo na magari mengi, matuta ya mashamba na mito ya mchanga. Nafasi ipo tele. Kinachokosekana ni mazoea, na mazoea hayo yanaanzia nyumbani, kwenye kamba.

Mabango ya "Mbwa Kali" yanaonekana kwenye mageti kote mjini na vijijini, na mara nyingi yanasema kweli. Maisha ya mbwa wa Machakos yamefuata njia mbili: ama anafungwa mnyororo kutwa na kufunguliwa usiku, ama hafungwi kabisa na anajitembeza mwenyewe. Katika miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Kitala wa Chuo Kikuu cha Nairobi walizunguka sehemu za iliyokuwa Wilaya ya Machakos wakihesabu mbwa na kuwahoji wenyewe. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba takribani nyumba 6 kati ya 10 zilikuwa na mbwa, na nyingi kati ya hizo hazikuwafungia kamwe. Mbwa dume aliyezaliwa alitarajiwa kuishi miaka 3.5, jike miaka 2.4 tu. Nusu ya mbwa wote hawakuwa wametimiza mwaka mmoja. Waliokuwa wamechanjwa dhidi ya kichaa hawakufika theluthi.

Takwimu hizo ni za kale kidogo, lakini zinaeleza jambo ambalo kila daktari wa mifugo analijua. Mbwa ambaye hajawahi kushikwa kwa kamba hawezi kupelekwa kwenye chanjo. Siku daktari anapokuja sokoni au kwenye uwanja wa shule na sindano zake, mwenye mbwa aliyemzoesha kamba anafika, mbwa akiwa kando yake, na anamaliza kwa dakika mbili. Jirani yake anabaki nyumbani akimkimbiza wake nyuma ya ghala. Wataalamu wanasema kichaa cha mbwa hukatika mahali ambapo asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, na idadi hiyo haifikiwi kama nusu yao hawakamatiki. Kwa hiyo anayemtoa mbwa wake matembezi ya asubuhi asidhani anaiga anasa za watu wa Karen na Muthaiga. Anamfundisha mbwa kitu kitakachookoa watoto wa kijiji kizima.

Na hatari hiyo haiko mbali. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi, na hakijaondoka. Duniani kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na sehemu kubwa ni watoto. Serikali iliweka mkakati wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kukitokomeza, na Makueni, kaunti jirani, ilikuwa miongoni mwa zile za kuanzia.

Mafunzo ya kamba hayahitaji mtaalamu. Mtoto wa mbwa huanza kwa kuvishwa mkanda wa shingoni akiwa anakula, ili ausahau. Baada ya siku chache kamba nyepesi inafungwa na kuachwa aiburute uani huku mtu akimwangalia. Kisha mwenyewe anaishika na kutembea, na kila mbwa anapomfuata bila kuvuta anapata kipande cha omena au cha ini lililochemshwa. Anapovuta, mtu anasimama. Hamkaripii, hampigi, anasimama tu mpaka kamba ilegee. Mbwa mzima aliyekaa mnyororoni miaka atachukua muda mrefu zaidi, na pengine ataogopa lango lenyewe. Huyo aanze kwa kuzunguka ua, halafu njia ya nyuma ya nyumba alfajiri watu wakiwa wachache. Mbwa mwenye historia ya kuuma afungwe mdomo kwa kifaa kinachomwacha aheme na kunywa maji, na kamba yake isipewe mtoto.

Chanjo ya kwanza ya kichaa hutolewa mbwa anapotimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi ya chanjo ikae kwenye mfuko wa safari pamoja na maji, kwa sababu mbwa akimkwaruza mtu njiani, kadi hiyo ndiyo itakayomaliza mabishano.

Safari ya kwanza kwa mkazi wa mji wa Machakos haina haja ya gari. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Iveti vimeuinamia. Anayeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi anaingia kwenye hewa ya baridi, kwenye njia zinazopanda kati ya mashamba na msitu wa mikaratusi na misonobari. Msitu ni wa serikali na una askari wake, kwa hiyo ni vyema kuwasalimu na kuuliza njia inayoruhusiwa siku hiyo. Juu, mandhari yanafunguka hadi nyanda za Athi upande mmoja na Kilimambogo upande mwingine. Mwezi Julai ukungu hukaa hadi saa tatu, na mbwa mwenye manyoya mengi, anayeteseka kwa joto la Mlolongo, hapa hupata nguvu mpya.

Mwenye mbwa asiharakishe. Binadamu hupanda mlima kwa ajili ya macho. Mbwa hupanda kwa ajili ya pua. Pua yake ina vipokezi vya harufu vinavyofikia milioni 300, wakati ya mtu ina milioni 6 hivi. Kichaka ambacho mtu anakipita bila kukitazama, mbwa anasoma ndani yake nani alipita usiku, kama ni paka, kanu au jike wa jirani, na alielekea wapi. Nusu saa ya kunusa kwa utulivu humchosha mbwa vizuri kuliko nusu saa ya kukokotwa. Anayelalamika kwamba mbwa wake anabweka usiku kucha na kuchimba bustani amtoe kwanza, ampe nafasi ya kunusa, kisha aone tofauti.

Ukitoka Iveti, njia nyingi zinapita juu ya matuta. Hapa mbwa anatembea kwenye historia ya Wakamba wenyewe. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliitazama ardhi ya Machakos wakasema imekufa, imeliwa na mmomonyoko. Kufikia mwaka 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini udongo ukawa umeshikwa vizuri kuliko zamani, kwa sababu familia na vikundi vya akina mama vilichimba matuta kilima baada ya kilima. Aina mojawapo, ile ambayo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu, inajulikana hadi leo katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima kama "fanya juu". Kingo zake hupandwa majani ya kulisha ng'ombe, na hayo majani ndiyo yanayozuia tuta lisiporomoke. Mbwa anayefukua panya kwenye ukingo anabomoa jasho la mtu. Kwa hiyo kamba iwe mkononi muda wote katika mashamba, na mwenye mbwa apite pembeni, na akimwona mwenye shamba amwamkie kwanza. "Mwaitu (mama), tunaomba kupita" hufungua njia nyingi.

Mbuzi nao ni sababu ya kamba. Hata mbwa mpole wa nyumbani akiona kundi linakimbia atalifukuza, na mbuzi mmoja akivunjika mguu safari imegeuka kesi kwa chifu.

Kuna sehemu moja ambayo kila mgeni wa Machakos huitaka: Kyamwilu, kwenye barabara inayopanda kutoka mjini kupitia Mutituni. Hapo gari lililozimwa na kuachwa bila gia huonekana likipanda mlima lenyewe, na maji yakimwagwa barabarani huonekana yakitiririka kwenda juu. Sehemu za namna hii zipo katika nchi nyingi. Wanasayansi wanaeleza kwamba vilima vya pembeni huficha upeo halisi wa macho, na jicho, likikosa mstari wa kulinganishia, huona mteremko mdogo kama mpando. Watu wa familia huja na chupa za maji na mipira, watoto wakipiga kelele za furaha. Mbwa afurahie nao, lakini afungwe kamba fupi na akae upande wa majani. Madereva wa hapo wanatazama muujiza, hawatazami barabara, na gari linalojongea bila injini mbwa halisikii.

Vilima vya Mua ni vya aina nyingine. Ni nchi ya matunda tangu enzi za walowezi, na msimu wa maembe unapofika mwisho wa mwaka, vibanda vya kando ya barabara hujaa. Barabara za ndani ni tulivu, zina vivuli, na miinuko yake ni ya wastani, kwa hiyo inafaa mbwa mzee au familia yenye watoto wadogo. Jambo la kuangalia ni kokwa. Mbwa hupenda utamu wa embe na humeza kokwa zima, kisha linakwama tumboni, na hapo kinachobaki ni upasuaji. Zabibu na vitunguu navyo ni sumu kwake, ingawa watu wengi hawajui. Na pale safari inapoishia kwenye nyama choma, kama zinavyoishia nyingi, mifupa ya mbuzi iliyochomwa asipewe kabisa. Mfupa uliopita motoni hupasuka vipande vyenye ncha na unaweza kutoboa utumbo. Nyama laini isiyo na chumvi wala pilipili inatosha kumfanya ajihisi amekaribishwa mezani.

Mbali zaidi, upande wa chini wa kaunti, kiangazi hufungua uwanja ambao mbwa wengi huupenda kuliko msitu: mito ya mchanga. Mvua zikikatika, mto unabaki mkanda mpana wa mchanga mweupe na maji yake yakiwa chini, yakingoja mtu achimbe. Mchanga wa asubuhi ni baridi na laini kwa nyayo, na hauna miiba ya migunga inayojaa kwenye nyika ya pembeni. Mbwa hukimbia, huchimba, hugaagaa. Visima vya watu viachwe peke yake, maana maji hayo ni ya kunywa. Na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mtu asishuke mtoni kabisa hata kama juu yake anga ni safi. Mvua iliyonyesha vilimani hufika kwa ghafla, na mto uliokuwa mkavu hugeuka ukuta wa maji ya matope.

Nyika hiyo ina sharti lake jingine. Mwaka 1980 watafiti waliripoti kupata vimelea vya kala-azar kwenye mbwa wa Wilaya ya Machakos, na ugonjwa huo umekuwa ukisumbua watu wa Masinga na sehemu za Kitui. Huenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaojificha mchana kwenye mashimo ya vichuguu na kutoka jioni. Mbwa anayeingiza kichwa kwenye kichuguu jua likitua anaingia nyumbani kwao. Safari za nyika basi ziwe za asubuhi, na vichuguu vipitwe kwa mbali. Mbali na usubi, kichuguu na jiwe lililopata jua ni makao ya bafe, nyoka mnene asiyekimbia anaposikia hatua. Mbwa akiumwa, abebwe asitembee, na apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Kidonda kisichanjwe wala kufungwa kamba.

Maporomoko ya Fourteen Falls, kwenye Mto Athi mpakani na upande wa Thika, huvuta magari mengi kila Jumapili. Ni ya kupendeza kuyatazama, lakini kwa mbwa hayafai. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Mto Athi una ufuko, ila una mamba na viboko pia, miamba yake inateleza, na maji yake yamebeba taka za Nairobi. Mbwa hawezi kuelezwa asinywe. Bwawa la Maruba, karibu na mji wa Machakos, lina tatizo la kinyume: maji yake ni ya kunywa watu wa mji, kwa hiyo mbwa asiogeshwe humo.

Hapa ndipo pa kurudi kwenye lango la Kilimambogo. Sababu ya mbwa kukatazwa kwenye hifadhi si harufu wala kelele pekee. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wa kufugwa huubeba, uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua wapatao 1,000, karibu theluthi ya simba wote wa eneo hilo, ukavuka hadi Masai Mara. Mwaka 2017 ugonjwa huohuo uliangamiza makundi ya mbwa mwitu wa Laikipia, wanyama ambao tayari ni adimu duniani. Virusi havihitaji mbwa kugusana na simba. Matone ya chafya na mate yanatosha. Mbwa wanaoruhusiwa hifadhini ni wa kazi, wale wa vikosi vya KWS wanaonusa pembe za ndovu na kufuata nyayo za majangili, nao wana madaktari wao. Mbwa wa nyumbani hata akichanjwa abaki nje. Kanuni hiyo ifuatwe pia kwenye mashamba ya wanyamapori yaliyo wazi kuelekea Lukenya na Kapiti. Huko twiga na pundamilia wanatembea karibu na barabara kuu ya Mombasa, hakuna ua, na mbwa asiyefungwa anaweza kufukuza mpaka akapotea. Chui naye, popote alipo, humhesabu mbwa kuwa chakula.

Anayetaka msitu wenye utaratibu uliokwisha kuwekwa, na haogopi mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari, ana Karura mjini Nairobi. Msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 uliponea chupuchupu kugawanywa kwa wajenzi mwishoni mwa miaka ya 1990, Wangari Maathai na wenzake walipopigwa wakiutetea. Sasa watu wanalipa kiingilio, na mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba. Ni mahali pazuri pa kumzoesha mbwa kupishana na mbwa wenzake, jambo gumu kwa aliyekulia mnyororoni. Inafaa Machakos ipate mahali kama hapo. Msitu wa Iveti una kila kitu kinachohitajika isipokuwa kibao cha masharti, mapipa ya taka na njia moja iliyotengwa.

Usafiri wenyewe una adabu zake. Kwa gari la mtu binafsi mbwa akae nyuma, afungwe kwa mkanda au awekwe kwenye kreti, asilishwe chakula kingi saa chache kabla ya kuondoka, na gari lisimame kila baada ya saa moja na nusu hivi. Kwa matatu, mazungumzo na kondakta hufanyika kabla ya kupanda, si baada. Mbwa mdogo kwenye kikapu, saa ambazo abiria ni wachache, na nauli ya kiti chake ikalipwa bila manung'uniko, mara nyingi hupata njia. Mbwa mkubwa ni afadhali atembee. Abiria Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafii huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na nguo zake zikiguswa hawezi kuswali nazo kabla ya kuzitwaharisha kwa taratibu maalumu. Kamba fupi na nafasi ya kutosha ni heshima ndogo ambayo haimgharimu mtu kitu.

Gari lililosimama juani ni hatari kubwa kuliko safari. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa joto hufika nyuzi 34 kwa dakika 10, na 43 kwa nusu saa. Mbwa hatoi jasho kama mtu. Anajipoza kwa kuhema, na akihema hewa ya moto hapoi. Dalili ni ulimi mwekundu kupita kiasi, ute mzito, kutapika, miguu kuyumba. Atolewe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida tumboni na miguuni, anyweshwe kidogo kidogo, apelekwe kwa daktari. Lami nayo huunguza nyayo: mtu aweke kiganja chake juu yake kwa kuhesabu hadi saba, na akishindwa, mbwa naye asipite.

Njiani watakutana na mbwa wasiofungwa, na wengi huja wakibweka kundi zima. Kukimbia ni kuwaalika. Mtu asimame, mbwa wake amvute karibu, asiwatazame machoni, kisha ainame kana kwamba anaokota jiwe. Kila mbwa wa Ukambani anaijua ishara hiyo na hurudi nyuma hata kama jiwe halipo. Kama mtu ameumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na hospitali iwe siku hiyohiyo. Baada ya dalili za kichaa kuanza hakuna tiba.

Watu watauliza. Watoto watafuata nyuma wakiita "ngiti! ngiti!", yaani mbwa, na wazee watashangaa kumwona mtu mzima akitembezwa na mnyama. Gulu, kaskazini mwa Uganda, walipitia hayo. Huko Francis Okello Oloya, aliyepofushwa na bomu akiwa mtoto wa miaka 12, alisaidiwa na mbwa kukifikia choo cha shule usiku. Alipokua aliongoza mradi unaookota mbwa wa mitaani, kuwachanja, kuwafundisha na kuwakabidhi watu walioumizwa moyo na vita vya kiongozi wa waasi Joseph Kony. Sehemu ya mafunzo ni kutembea naye barabarani mbele ya majirani. Mwanzoni walichekwa. Baadaye majirani walewale walianza kuleta mbwa wao wachanjwe.

Ikifika jioni, kazi bado haijaisha. Mbwa aliyetoka kwenye majani akaguliwe kabla hajaingia ndani: nyuma ya masikio, kwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Kupe mmoja anaweza kumwachia homa inayoua polepole, na ashikwe karibu na ngozi kwa kibano kisha avutwe moja kwa moja, bila mafuta taa wala moto. Funza hujificha kwenye nyayo na huhamia kwa watoto wanaolala naye. Miiba ya mgunga hukatika ikabaki ndani, na mbwa huionyesha kwa kulamba mahali pamoja bila kuacha. Akikataa chakula wiki moja au mbili baada ya safari, ufizi wake ukapauka au mkojo ukawa mwekundu, mwenyewe asisubiri Jumamosi nyingine; amfunge kamba ile aliyoizoea na kumpeleka kwa daktari wa mifugo asubuhi hiyo.